Penseli Inaruhusiwa

Kazi yangu ni kukaa.
Meza moja, viti viwili, saa ya ukutani inayochelewa dakika nne,
na kabati la chuma ambalo ufunguo wake
nimeuvaa shingoni miaka kumi na moja.
Masharti niliyabandika mlangoni kwa mkono wangu:
kusoma ruksa. Mashine ya kunakili, marufuku.
Picha, marufuku. Simu iachwe kwenye kisahani.
Penseli inaruhusiwa.
Saa moja kwa kila mtu, kisha asante, kwaheri.

Hawaji wengi. Ghorofa ya tatu, jengo la serikali,
maili sabini kutoka Saint-Ovide, mji unaoandikwa humo,
na basi huja Jumanne tu.
Anayefika hutazama kurasa mia sita,
hutazama saa,
hurudi kwao na alichokuja nacho.

Bi Earline Robichaux hakutazama saa.
Mpishi wa shule, mstaafu, makovu ya mafuta ya moto viganjani,
na kwapani daftari la mtoto lenye farasi kwenye jalada.
Hata hali hakunijulia. Aliuliza,
"Kichongeo kiko wapi?"

Akaanza kunakili kama mtu anayepima hamira.
Klorini, ratili laki moja na themanini elfu.
Herufi kwa herufi, maana majina mengine mle
hayakuumbwa kwa ajili ya kinywa cha binadamu,
akayaandika hivyo hivyo, akapuliza vumbi la penseli,
akafungua ukurasa.

Jumanne ya pili. Ya tatu. Ya nne alikuja na homa.

Kwao, aliniambia, kiwanda huwagawia kalenda kila Desemba,
picha za watu wanaovua kambare.
King'ora hulia Jumatano saa sita mchana, majaribio,
na watoto wamezoea, huendelea kula.
Kijikaratasi kinasema: ukisikia harufu, funga madirisha,
weka taulo lenye maji chini ya mlango.
"Harufu ya nini, hawasemi.
Taulo la ukubwa gani, wamesema."
Akacheka peke yake. Mimi sikuruhusiwa kucheka,
wala kuzungumzia kilichomo.

Jumanne ya sita penseli ikasimama.
"Lucius" (jina alilisoma kwenye beji),
"hapa wanasema tangi likipasuka, upepo ukiwa wa kawaida,
ni maili tatu na nusu.
Upepo wa kawaida ndio upi?"

Sikujua.
Miaka kumi na moja nalinda maneno,
sijafungua hata jalada.
Usilolijua litakusumbua, ndivyo tulivyoambiwa.
Mimi halikunisumbua. Nilikuwa nalipwa.

Alitoa ramani ya mabasi,
akaondoa simu yake kwenye kisahani,
akakifunika juu ya mji, akazungusha penseli pembezoni.
Duara likatoka zuri, kama la chapati.
Ndani yake shule aliyopika miaka ishirini na sita.
Ndani yake kanisa, duka la matairi, dada yake Verlie.
Na pembeni, mstari ukiikata katikati,
Mtaa wa Tupelo.

Mtaa wa Tupelo, nyumba ya kumi na nne,
anaishi mama yangu.
Kila vuli hukohoa, nasi kila vuli
tunalaumu chavua.

Saa yake moja ilikuwa imekwisha.
Alijua, akaanza kukusanya vyake,
daftari, miwani, machicha ya penseli akayakomba kwa kiganja
asiniachie uchafu.

Nilitazama ukutani. Bado dakika nne, nikasema.
Nikavuta kiti cha pili.
Sharti la mlangoni nalijua kwa moyo, nililibandika mwenyewe:
linasema penseli inaruhusiwa,
halisemi mkononi mwa nani.

"Nisomee," nikamwambia. "Taratibu.
Mwandiko wangu ni mbaya."